Bibi Anyesi, Aliyewatoa Wenzake Kisimani

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuonja uji, marehemu Bibi Anyesi alisimama mlangoni mwa tembe lake na kuita majina ya wote waliolala ndani. Aliita mmoja mmoja, akianza na mdogo kabisa, na kila mmoja ilimbidi aitike. Hata aliyekuwa ameketi mbele yake na bakuli mkononi hakusamehewa.

"Bibi, si unaniona?"

"Nakuona. Itika."

Wageni walidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa nayo desturi hiyo tangu usichana wake, na aliitoa kisimani.

Marehemu alizaliwa Msalato mwaka 1893, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Sotoka ilikuwa imekwisha kumaliza ng'ombe wa Ugogo, na baba yake alikuwa amebakiwa na mbuzi wanne. Kwa hiyo binti akaitwa Tabu. Jina la Anyesi alilipata ukubwani, kwa ubatizo. Waliomsikitikia kwa jina lile la kwanza aliwajibu hivi: "Tabu ndiye aliyewachotea maji. Anyesi alikuja baadaye, kula ubwabwa wa Krismasi."

Mwaka 1904 alisoma miezi minne katika kibanda cha misheni, chini ya Mwalimu Sila. Mwalimu huyo alikuwa na utaratibu wake: mwanafunzi mzito wa kusoma kuliko wote ndiye aliyesoma wa kwanza, na darasa zima lilimngoja. Mzito alikuwa Tabu. Alisema hakujifunza herufi nyingi pale, lakini alijifunza jinsi mtu anavyojisikia akingojwa bila kuchekwa. Baadaye mama yake akamtoa shule kwa sababu kisima kilihitaji mikono.

Waliozaliwa baada ya bomba kufika pengine hawajui kisima kile kilivyokuwa. Kiangazi, mto wetu ni mchanga mtupu. Maji yako chini yake, na kadiri miezi inavyokwenda ndivyo yanavyozidi kushuka, nao wachimbaji waliyafuata. Ilipofika Oktoba shimo lilikuwa na kina cha watu watano. Wanawake walisimama kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana vibuyu. Ukuta wenyewe ulikuwa mchanga ulioshikiliwa kwa fito na matawi. Ukianguka, aliyekuwa chini hakutoka.

Kwa sababu hiyo amri ya kisima haikutoka juu. Aliyesimama chini kabisa, miguu ndani ya maji, ndiye aliyesema lini wachote, lini wapumzike, na lini watoke. Hakuna aliyembishia, awe mkwe wake au mke wa jumbe. Naye alipowatoa wenzake aliwaita kwa majina, akianza na mdogo, akisubiri kila mmoja aitike akiwa juu kwenye jua. Ndipo naye akapanda.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa chini kwa miaka mingi. Alimweka Tabu kidato cha juu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kila kiangazi akamshusha kidogo. Akiwa na miaka kumi na sita, siku moja aliachiwa nafasi ya chini kwa muda. Chura akamrukia mguuni, akapiga kelele "Tokeni!" na kuwapita wenzake wote, akawa wa kwanza kufika juu. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama yake hakucheka, na kwa siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alimwambia, "Ukisema tokeni, maana yake wewe unabaki." Kisha akamrudisha kidato cha juu, akaanze upya.

Alifika chini kwa haki yake mwaka 1911, akiwa na miaka kumi na minane. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka uliotangulia, na karibu na Msalato palikuwa na kambi ya watu waliopasua mawe ya njia. Jumbe aliamriwa na Wajerumani atoe maji ya kambi, na jumbe akawatoa wanawake. Walichota tangu alfajiri hadi jua kali, pasipo kuulizwa. Msimamizi wao alikuwa nyapara mmoja aliyeitwa Bashiri, ambaye alisimama mdomoni mwa shimo na kiboko chini ya kwapa.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, Bashiri aliwataka wachimbe zaidi, kwa kuwa kambi ilikuwa imeongezewa watu. Walichimba. Baada ya muda Tabu aliona mchanga wa upande wa juu wa mto unatoka jasho mahali ambapo jana palikuwa pakavu, na maji yakipenya hivyo ukuta hulegea. Akasema, "Tokeni."

Walikuwa wanawake saba. Aliwaita sita, wakaitika sita, kisha akapanda mwenyewe, polepole, akiwa amebeba kibuyu cha mwisho.

"Nani kawaambia mtoke?" Bashiri akauliza.

"Wa chini," akajibu Kudra, mke wa mchuuzi wa mjini, aliyekuwa kidato cha juu.

"Wa chini ni nani? Mimi ndiye niliyesema chimbeni! Rudini!"

"Shuka basi wewe," Kudra akamwambia. "Una miguu mirefu, hutahitaji hata vidato."

Bashiri hakushuka. Alikwenda kuleta vibarua wa kambini, watu wa Unyamwezi, akawaamuru waingie. Walichungulia shimoni, wakawatazama wale wanawake walioketi mchangani. Mmoja wao akasema, "Wenye kisima wametoka. Sisi tuingie, tuna wazimu?" Wakarudi kambini. Kwa siku moja na nusu, mpaka maji yalipoletwa kwa treni, kambi ilikaa kavu, na mawe hayakupasuliwa.

Tabu alipelekwa bomani kwa kosa la kusimamisha kazi kwa uongo. Bashiri aliapa kwamba ukuta ulikuwa mzima. Na kweli ulikuwa bado umesimama. Jumbe alipelekwa kuutazama, akauona. Bwana wa boma akaamua hivi: Tabu akikiri kwamba alidanganya kwa uvivu, ataonywa na kwenda zake. Akikataa, kaka yake Matonya, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba kwa kuwa baba yao alikwisha kufariki, atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kwa niaba yake. Walipewa mpaka kesho yake.

Mkalimani alikuwa Mzee Hamidi, ambaye ujanani alikuwa kiongozi wa misafara ya wapagazi kutoka pwani. Aliwahi kupoteza watu kumi na mmoja njiani kwa kukubali amri ya tajiri aliyebebwa kwenye machela kule nyuma. Alipokuwa akimrudisha Tabu mahabusu alimwambia, "Binti, wewe sema ulichokiona. Usiongeze ili wakuogope, usipunguze ili wakuhurumie. Kutafsiri niachie mimi."

Asubuhi iliyofuata Matonya aliletwa, mikono imefungwa. Tabu alimtazama, akaanza kulia. Aliwahi kueleza kwamba wakati ule maneno ya kukiri yalikuwa tayari mdomoni. Matonya ndiye aliyemzuia.

"We Tabu, unalia nini? Ni mgongo wako?"

"Kaka, niseme nilidanganya. Ni neno tu."

"Ukilisema, kesho nani atatoka ukimwambia toka?"

Tabu akafuta machozi.

"Basi nyamaza. Na uniwekee maziwa."

Bwana wa boma akauliza kwa mara ya mwisho. Tabu akasema, "Niliona mchanga unatoka jasho. Nikasema tokeni. Leo ukitoka jasho nitasema tena." Mzee Hamidi aliyatafsiri yote, na kwa kumbukumbu ya marehemu, Kijerumani chake kilikuwa kirefu kuliko alivyosema yeye.

Matonya alipigwa ishirini na tano. Kwa mwezi mzima alilala kifudifudi, na kwa miaka arobaini iliyofuata, kila alipoingia nyumbani kwa dada yake, alisema, "Leta yale ya hamsa ishirini," akapewa maziwa ya kwanza mbele ya wageni wowote, hata mchungaji.

Wanawake hawakurudi katika shimo lile. Mvua za Desemba zilileta mto, na mto ukalifukia kama unavyofukia mashimo yote kila mwaka. Kiangazi cha 1912 walichimba jipya. Wanawake wote sita walirudi, na wengine watano wakaongezeka, wakamtaka Tabu asimame chini. Bashiri naye alikuja, kiboko chini ya kwapa. Alipotaka maji zaidi, aliinama kwanza shimoni na kuuliza, "Wa chini anasemaje?"

Baadhi ya ndugu wameshauri kwamba habari hii isisomwe kaburini. Wamesema inamwaibisha Mzee Matonya, na kwamba wako waliosema siku zote kuwa binti alimpigisha kaka yake viboko kwa ajili ya ukuta mzima. Tumewasikia kwa heshima, na tumeisoma. Yeye mwenyewe hakuificha hata siku moja. Hata Mzee Matonya hakuificha. Aliwaonyesha watoto makovu yake, akisema kila moja ni la mwanamke fulani aliyekuwa kisimani, na kwa kuwa makovu yalizidi wanawake, yaliyobaki aliyagawa kwa watoto wao.

Mwaka 1914 marehemu aliolewa na Yoramu wa Miyuji. Baba mkwe alisita kukubali mwanawe amwoe msichana aliyelala bomani. Yoramu alimwambia baba yake kwamba anatafuta mtu wa kukaa naye wakati wa shida, na huyu na shida wamekwisha kujuana. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa njiani kuondoka, Yoramu alichukuliwa upagazi na nafaka ya nyumba ikachukuliwa pamoja naye. Njaa kubwa ikafuata. Marehemu alizika mtoto wake wa kwanza, Raheli, akawavusha wengine wa ukoo kwa mizizi na maboga makavu, akiwaita majina kila asubuhi. Yoramu alirudi hai. Walibatizwa pamoja mwaka 1922.

Marehemu alianza kuugua mwezi Januari mwaka huu kwa homa ya mapafu. Alipelekwa hospitali mara mbili, na mara mbili aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Ameacha mtoto wa kiume, Seth. Mtoto wa kike, Emilia. Wajukuu kumi na wanne, vitukuu sita, na rafiki yake Bibi Kudra, aliyeletwa hapa leo kwa kitanda. Mume wake na kaka yake walimtangulia. Mungu ampe pumziko, na mchanga wa Msalato umlalie kwa upole.

Siku chache kabla ya kuzidiwa, mjukuu wake aliyeandika wasifu huu alikuwa likizoni kutoka Chuo Kikuu. Alimkuta ameketi juani akichambua kunde, na akapata ujasiri wa kumwuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwuliza kwa miaka sitini.

"Bibi, ule ukuta ungeanguka kweli?"

"Sijui," akasema. "Hatukubaki mle tukautazama."