Moto Mkubwa kwenye Bati Jembamba

Shikamooni wazee wangu. Nanyi mafundi wenzangu, na kina mama mliokaa huko nyuma, asalaam alaykum. Mwenyekiti wa mkutano huu ameniuliza kama nitaweza kuyasema haya bila kumtaja mtu. Nimemwambia wa kutajwa ni mmoja tu, naye ndiye mie niliyesimama hapa.

Mie ni mnyoosha bodi za motokaa. Miaka mingi nilikuwa kwenye gereji ya mjini, nikinyoosha madigadi na milango iliyobonyea. Nyundo naijua. Kuchomelea sikukujua, maana ilikuwa kazi ya fundi mmoja mzee, na sikutaka kumwomba anifundishe. Nilijiona nami ni mkubwa.

Vita vikuu vilipokwisha nikaacha kazi ya watu, nikajenga banda langu huku Temeke, kando ya barabara. Yule fundi mzee alikuja kunitazama. Macho yalikuwa yameanza kumchosha, akasema yuko tayari kuniachia seti yake ndogo ya kuchomelea: mitungi miwili ya gesi, mipira miwili, na bomba la shaba lenye midomo midogo ya kubadilisha. Siku zilezile vitu vya jeshi vilikuwa vinanadiwa, na mie nilikwisha kuiona mashine ya kuchomelea kwa umeme, kubwa, ina injini yake yenyewe. Ukiiwasha, mtaa mzima unajua umewasha.

Mzee akaokota kipande cha madigadi pale chini, akakibonyeza kwa dole gumba. Kikaingia ndani.

"Umeona?" akasema. "Kitu kinachobonyea kwa dole unakipeleka kwenye moto ule? Ile ni mashine ya madaraja, bwana. Bati la motokaa linataka moto mdogo, na mtu asiye na haraka."

Nikamjibu, "Mzee wangu, hiyo seti yako mie naiona ya kuzibia masufuria."

Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Basi nikaichukua ile kubwa. Watu walijaa bandani kutazama cheche, nami nilifurahi kutazamwa. Lakini ndugu zangu, nawaambia, siku ya kwanza tu nilijua nimekosea. Nikigusa bati, linatoboka. Nikiziba tundu, matundu mawili yanatokea kando. Pale lisipotoboka linajikunja kama jani la mpapai lililokauka. Nikapunguza moto mpaka mwisho wake, bado. Hapo ningemfuata mzee. Sikumfuata. Nilibandika vipande juu ya matundu, nikapaka lipu ya bodi kuficha viraka, nikapiga msasa, nikamaliza na rangi. Kazi ikang'aa. Wenye motokaa wakashukuru wakaondoka.

Kisha shemeji yangu, mume wa dada yangu, akaniletea teksi yake. Nguzo ya mlango wa nyuma, pale zinaposhika bawaba, ilikuwa imeliwa na kutu. Aliniambia, "Shemeji, hii ndiyo inayotulisha. Itazame vizuri." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Niliichomelea kama nilivyochomelea zile nyingine. Bati likaungua, likabaki jepesi kuvunjika kama kaki. Nikaona kwa macho yangu. Nikapaka rangi.

Wiki ya tatu walikwenda harusini Kawe. Dada yangu alikaa nyuma, ameegemea mlango. Kwenye kona moja bawaba zikang'oka na bati lake, mlango ukaondoka, na dada yangu akaondoka nao.

Hakufa, Alhamdulillahi. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili. Dada yangu ni msuka mikeka. Mikono ndiyo kazi yake.

Askari alikuja bandani kuuliza. Nyie mnaonisikiliza, hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Nilimwambia, "Bila shaka dereva hakuufunga mlango." Shemeji alikuwa amesimama palepale. Alinitazama tu. Wakamnyang'anya leseni.

Nilikwenda hospitali mara mbili, nikaishia getini. Mara ya tatu mke wangu alinishika mkono akaniingiza. Dada alikuwa amelala, mkono umefungwa mbao. Nilianza kumpa pole, akanikatiza.

"Kaka, mlango niliufunga mwenyewe. Niliubamiza, nikaujaribu. Wasema haukufungwa?"

Nikazitazama zile mbao.

"Mume wangu hali chakula," akasema. "Anakaa anajiuliza labda kweli alisahau. Mkono wangu Mungu ataujua. Yeye mwondolee hilo."

Sikukaa hata kwenye kiti. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kituoni, kwa miguu, nikasema kila kitu: matundu, lipu, rangi. Shemeji akarudishiwa leseni yake. Mie nilipelekwa kwa hakimu, nikakaa ndani miezi mitatu. Nilipotoka, banda lilikuwa limeota majani na hakuna aliyenisalimia njiani. Nilistahili.

Nilikwenda kwa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinipa vipande viwili vya bati akasema, "Unganisha." Nikatoboa. Akanipa vingine. Alinifundisha kushika nukta moja hapa, kuruka, kushika nyingine mbali, kupoza kwa kitambaa kibichi, kungoja. Kila nilipomaliza hakutazama mbele. Aligeuza nyuma. Mwaka mzima anageuza nyuma! Mwishowe akaniachia ile seti ndogo.

Mtu wa kwanza kuniletea kazi ni shemeji. Teksi ileile, nguzo ileile. Alisimama juu ya kichwa changu tangu asubuhi hadi nilipomaliza, nami sikumlaumu. Kabla sijapaka rangi alishika mlango kwa mikono miwili, akanyanyua miguu, akaning'inia na uzito wake wote. Halafu akasema, "Haya, paka."

Namshukuru mzee wangu, namshukuru mke wangu aliyenivuta getini, namshukuru shemeji. Na vijana mnaotaka kununua mashine, mmekuwa mkiniuliza ipi ni nzuri. Lipapaseni kwanza bati mtakalofanyia kazi, ndipo mwende kutafuta mashine. Msichague kwa ajili ya watu wanaopita barabarani. Na mkiharibu, semeni siku hiyohiyo, kabla ya rangi.

Dada yangu yupo hapa leo, kule nyuma. Nilimwomba ruhusa kabla sijasimama. Akaniambia: "Kawaambie nimekusamehe, na ni kweli. Ila waambie pia kwamba mkeka sijasuka tena."

Basi nimewaambia.