Siku Niliyotangaza Idi Mwezi Haujaandama

Ilikuwa Jumatano, kumi na moja ya Ramadhani, saa nane na nusu mchana. Mama zangu na dada zangu, mniwie radhi nasoma kwenye daftari. Kusema mbele za watu siwezi.

Mwaka uliotangulia niliugua akili, nikatoka hospitali na vidonge vya asubuhi, mchana na usiku, vya kunywa na maji mengi. Ramadhani ilipoingia, binti wa ami yangu akanikuta jikoni nakunywa. "Mashetani yote yamefungwa mwezi huu," akasema, "ila lako." Niliona haya. Vidonge nikavifukia nyuma ya nyumba, nikafunga kama wenzangu.

Nawaambia kweli, siku zile zilikuwa tamu. Silali, sichoki, njaa siijui. Jumatano hiyo nikaizunguka Jomvu Kuu nyumba kwa nyumba, nikipiga hodi: mwezi umeandama, leo Idi, fungueni. Watu wakacheka. Bibi yangu, ambaye macho yake hayaoni, hakucheka. "Kweli, mjukuu wangu?" Nikamwambia wallahi. Akala tende kwa mkono wangu.

Nilirudishwa hospitali nimefungwa mikono kwa leso. Idi yenyewe ilinikuta wodini.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mzito, hata kulia siwezi. Mimi niliyekuwa wa tatu darasani, ukurasa mmoja nausoma mara nne. Nikifika chini, ya juu yamefutika. Natumwa chumvi, nafika dukani nasimama tu. Siku moja nilipika wali, tui likachemka mpaka likatoa mafuta. Mama akafunua sufuria.

"Mchele uko wapi?"

Sikuwa nimeutia. Daktari alishamwambia kwamba kinachougua ni ubongo, si jini, na kila maradhi yakirudi yanaweza kuacha alama: kukumbuka na kupanga mambo kukawa kazi. Hilo sikulisahau.

Ramadhani ikaja tena. Siku ya kwanza, asubuhi, nilivishika vidonge nikashindwa kuvimeza. Nikavirudisha koponi. Adhuhuri bibi akaniita.

"Abee."

"Tandika mkeka barazani."

Akapapasa, akanipakulia wali wa daku. "Kula, kisha unywe dawa."

"Bibi, watu wanapita."

"Na wapite. Mwaka jana ulinilisha, nami siku yangu moja nikailipa. Wewe akili yako ikiharibika tena, nitailipa na nini?"

Binti wa ami akapita, akaguna. Bibi akamjua. "Mgonjwa ana ruhusa ya Mungu. Wewe ruhusa ya kuguna umepewa na nani?"

Nikala nikilia. Nikameza.

Namshukuru bibi, na mama, nanyi mnaonipa nafasi kwenye mkeka wa kikundi hiki kila Jumamosi bila kunichungua. Sijapona. Hesabu za darasani hazijarudi, na pengine hazitarudi. Ila ndugu zangu, msimwache mgonjwa ale kwa kujificha. Akizoea kuficha chakula, ataficha na dawa.

Siku ya pili ya Ramadhani ile, asubuhi, sikungoja kuitwa. Nilitandika mkeka barazani, watu wakienda kazini, nikanywa dawa yangu na maji gilasi mbili, polepole.