Vizibo vya Bibi Kimya

Benchi la kijiwe chetu limeegemea chumba alichofundishia Bibi Kimya. Jina hilo lilitokana na masharti ya Mwenye Nyumba: asipige msumari, asiandike ukutani, wanafunzi wasipige kelele. Basi akafundisha bila ubao na bila sauti, kwa vizibo vya soda alivyopanga sakafuni. Alifariki kabla ya mvua. Chumba kikafungwa, ufunguo ukabaki kwa Mwenye Nyumba, naye akaanza kukifanya ghala la saruji. Lakini kila asubuhi akifungua, anakuta vizibo vimepangwa upya. Mimi niliacha shule mama alipougua. Hapo kijiweni nauza kahawa ya shangazi.

—Ni panya tu, alisema Kinyozi.

—Panya gani anayepanga safu? akauliza Fundi Saa. Mimi nasema sakafu imezoea. Ukivua saa uliyoivaa miaka mingi, si mkono bado unaihisi?

—Sakafu haina mkono, bwana.

—Ndiyo maana inatumia vizibo.

Mwenye Nyumba akapuliza kahawa yake.

—Labda ni mimi. Naamka usingizini, napanga, narudi kulala.

—Wewe? Hata viatu vyako huvipangi, Kinyozi akasema.

—Tatizo ni saruji yako, mzee, Fundi Saa akaendelea. Ukipunguza nafasi, masomo yanazidi ukali. Marehemu alikuwa akisema, “Angeniruhusu kila kitu, ningefundisha kama kila mtu.”

—Haba na haba hujaza kibaba. Leo naingiza mifuko ya mwisho. Tuone atafundishia wapi.

—Methali hiyo ni ya akiba, mzee, si ya kufukia chumba, Fundi Saa akamjibu.

Nilimimina kahawa. Sina shule nyingine. Jana, kupitia nondo za dirisha, niliona kizibo kimoja, kisha viwili, kisha nafasi tupu. Nikapitisha ufito, nikasogeza vitatu kwenye nafasi hiyo. Leo alfajiri vitatu vyangu vilikuwa vimerudishwa chini ya dirisha.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga, alikuwa amesimama akisikiliza.

—Samahanini, wazee wangu. Hilo somo, mwanafunzi wake ni nani?

Fundi Saa akatazama saa yake, ambayo haitembei. Nikainamisha birika nimpe mgeni kikombe, likatoa tone moja.

—Kahawa imekwisha, nikasema.

Mwenye Nyumba aliinuka akafungua mlango. Sakafu iliyobaki ilitosha kitambaa cha kufutia miguu. Vizibo havikuwa vimelala tena. Vilisimama minara mitatu: vitatu, sita, kumi na viwili. Kila mnara ulikuwa mara mbili ya ule wa nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la jana.

Aliisukuma minara kwa mguu. Wote wakamsaidia kubeba mifuko, hata yule mama, mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega.

Nikageuka kukusanya vikombe vitatu walivyoacha ovyo kwenye benchi.

Kimoja kilikuwa peke yake. Viwili vilikaa pamoja. Kando yao palikuwa na nafasi tupu, pamepanguswa vumbi.

Kwenye sinia yangu kulikuwa na vikombe safi. Nikainama, nikaweka vinne, nikasubiri.