Maji ya Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, mlio Busia zote mbili, Tororo, Mukuju na Buteba, leo tunamkumbuka Mama Juliet Taaka. Alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Wengi mnamjua. Ni yule mama wa mabeseni sokoni Busia, upande wa Uganda, aliyekuuliza maswali kabla hajakuuzia ndoo. Mama Juliet Taaka, mama wa mabeseni.

Maswali yale yaliwaudhi watu. Mimi mwenyewe yaliniudhi. Nilitaka beseni moja tu, lile pana la kufulia, na mama akataka kujua kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Nikamwambia yupo. Akauliza kama bafu letu lina komeo, na komeo liko juu au chini. Nikamwambia, mama, nimekuja kununua, sijaja kuposa. Alicheka sana, lakini beseni hakunipa mpaka nilipojibu.

Sasa niwaeleze maswali yale yalitoka wapi.

Mama Taaka alizaliwa Buhehe, akaolewa Buteba kwa Mzee Mangeni. Binti yao Barbara aliolewa Mukuju na Edwin Owor, mwalimu wa shule ya msingi. Miaka minane iliyopita, mwezi wa Desemba, Barbara na Edwin walikwenda Buteba kuwatembelea wazee, pamoja na mtoto wao wa kwanza, Daphine. Daphine alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Ndiyo kwanza anatembea.

Mnajua kwetu mgeni akifika huwekewa maji ya kuoga. Na mgeni akiwa mkwe, hapo hakuna mchezo. Mama Taaka alichagua beseni kubwa kuliko yote aliyokuwa akiuza. Akatia maji ya uvuguvugu, akaliweka bafuni, akaweka na sabuni mpya. Mlango akauacha wazi, ili mkwe aone kwamba ameandaliwa. Kisha akafanya kama mama mkwe yeyote mwenye adabu. Akahamia nyuma ya jiko na kulipa bafu mgongo. Mama mkwe hamtazami mkwe akienda kuoga. Hata ile njia ya bafuni haitazami.

Lakini Edwin hakwenda kuoga. Mzee Mangeni alikuwa amemshika kwa mazungumzo sebuleni, na mkwe hawezi kumkatiza baba mkwe. Barbara alidhani mtoto yuko na bibi yake. Bibi alidhani mtoto yuko na mama yake.

Kilichofuata aliniambia Mama Taaka mwenyewe, kwa maneno haya: "Mi nasikia maji bafuni, chwa, chwa. Nasema kwa roho, mkwe naoga. Nakwenda mbali kidogo, niheshimu yeye."

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Alisikia maji. Akasogea mbali, kwa heshima. Baadaye kidogo maji yakanyamaza, na hapo ndipo aliposikia Edwin anacheka sebuleni.

Daphine walimzika Mukuju. Msibani watu wakasema kama tunavyosema sote, kwamba ajali haina kinga. Mama Taaka alikataa. Alisema hii ilikuwa na kinga, tena mbili: kufunga mlango, ama kungoja mgeni asimame ndipo maji yatiwe katika beseni.

Watu walitegemea ataacha biashara ile. Hakuacha. Alisema akitoka yeye, atakayeingia atauza bila kuuliza. Ndoo isiyo na mfuniko hakumuuzia mwenye mtoto mdogo, hata umbembeleze vipi. Alimwendea fundi Obore, mchomelea vyuma, amtengenezee makomeo ya kufungia mlango wa bafu kwa nje, juu kabisa, mkono wa mtoto usipofika. Wateja wengine aliwafuata mpaka kwao. Ataingia bafuni bila haya, ainue dawa ya kusafishia choo iliyowekwa sakafuni, aiweke juu. Atauliza mnapomwogesha mtoto mnaanza na maji gani. Ukisema ya moto, utakoma siku hiyo. Baridi kwanza, atakwambia, na mkono wako uyapime kabla ya mtoto. Na simu ikilia? Iache ilie.

Wapo waliochoka naye, wakavuka mpaka kununua upande wa pili, ambako beseni halina mtihani.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Mama Taaka alikuja hapa kituoni. Aliomba dakika tano tu. Alinieleza yote haya akiwa amesimama koridoni, mkoba mkononi. Nami nikamwambia, mama, pole sana, lakini habari ya beseni haiwezi kujaza kipindi, tutaona siku nyingine. Akasema sawa, mwanangu. Nafasi ilikuwepo. Siku ile nilipiga nyimbo tatu mfululizo kwa kukosa la kusema. Najuta. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na bado nikamrudisha.

Juzi, mazishini Buteba, nilikaa na Edwin. Alizungumza polepole. "Miaka minane alidhani ninamlaumu," aliniambia. "Nilikuwa ninajilaumu mwenyewe. Yale maji yalikuwa yangu, na sikwenda kuoga. Sikuwahi kumwambia. Ungeanzaje, wewe mkwe, kumtajia mama mkwe habari za bafu?"

Mzee Mangeni, pole. Barbara, Edwin na wadogo wawili wa Daphine, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Heshima yetu ya ukwe ni nzuri, na sisemi tuitupe. Ila tujiulize ni mambo mangapi tumeyageuzia mgongo tukidhani huo ndio uungwana, na ni maneno mangapi tunayabana mpaka anayestahili kuyasikia anaondoka.

Kwa desturi, hapa ningewaomba tusimame kimya dakika moja. Leo msisimame. Kama nyumbani kwako kuna mtoto mdogo, iache redio ilipo, nenda bafuni, mwaga maji yaliyomo, ufunge mlango. Mimi nitanyamaza.

Nenda. Nakungoja.