Mama Kapya na Safari ya Mtoto Bahati

Ijumaa tarehe 29 Julai 1983, Citoyenne Kapya Numbi, Mama Kapya wetu, atavua vazi jeupe baada ya miaka ishirini na tisa katika maternité yetu, hospitali ya uzazi ya Lubumbashi. Aliingia mwaka 1954 akiwa msichana wa kufua nepi, akasomea ukunga, na hatimaye akawa mkuu wa chumba cha watoto dhaifu.

Wababa wote wanamjua, na wengine wanamwogopa. Injinia mmoja alikuja na abacost mpya, suti ya wakubwa, kumwangalia mwanawe, akasimama mlangoni kama mgeni rasmi. Mama Kapya alimpa beseni na sabuni. Bwana yule alifua nepi mpaka mikono ya abacost ikalowa chapachapa, na siku zilizofuata alikuja mwenyewe na shati kuukuu.

Lakini tunaomfahamu tunapenda zaidi kusimulia habari ya mtoto Bahati, aliyezaliwa mwaka 1975. Baba yake, Chileshe, alikuwa dereva wa treni; mama yake, Feza, alikuwa mshonaji. Dokta Mutale aliwaeleza bila kuwaficha: ugonjwa ulikuwa ndani ya mwili wa mtoto tangu tumboni, moyo haukuumbika sawasawa, na hakuna dawa ya kuuponya. Chileshe alitaka ndege ya Kinshasa, kuna mashine huko. Feza hakutaka mwanawe afe kati ya watu asiowajua. Kwa siku kadhaa hawakusemezana.

Mama Kapya hakuwaamulia. Alivuta kiti, akambeba mtoto, akauliza, “Mbele azaliwe, mulikuwa munamuwazia nini?”

Chileshe akasema, “Nilitaka apande mu mashini yangu. Aone namna tunapita Likasi.”

“Na weye, mama?”

“Mama yangu iko Kambove,” Feza alijibu. “Nilitaka amubebe. Ile tu.”

Chileshe alimgeukia dokta. “Kinshasa batamuponyesha?”

“Hapana, papa. Pengine atakaa siku kidogo zaidi, na mipira puani.”

Hapo Chileshe akalia, na Feza akamshika mkono. Waliamua pamoja: hakuna ndege. Dokta alionya kwamba hata safari fupi ingeweza kumchosha mtoto, akawafundisha namna ya kumnywesha maziwa ya mama kwa kijiko na namna ya kumtuliza pumzi ikimbana.

Jumapili yake ya mapumziko, Mama Kapya alipanda nao treni. Mtoto alilala salama kifuani mwa baba yake, mbele kabisa ndani ya injini, dereva mwenzake akiendesha. Aliyeugua ni mkunga! Kabla ya kufika Likasi alikuwa ametapika mara nyingi, na Feza, mzazi mwenye mtoto mgonjwa, ndiye aliyempepea kwa kitenge. Huko Kambove, bibi alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele, majirani wakachinja kuku, na Mama Kapya akapewa mkeka alale.

Bahati aliishi mpaka mvua za kwanza. Alifia mikononi mwa mama yake, nyumbani, bibi akiwa karibu. Chileshe alikuja mwenyewe kutuletea habari. Alisema, “Alipanda. Alimuona nyanya yake. Tulimupata kabisa, huyu mutoto.”

Tangu hapo, katika chumba kile, dokta akishamaliza kueleza, wazazi huulizwa wanatamani nini kwa mtoto wao. Wengine huchagua hospitali kubwa, wengine nyumbani. Wote husindikizwa, na wote waliofundishwa na Mama Kapya hujua kuvuta kiti na kukaa kwanza.

Asante, Mama Kapya, kwa watoto waliokua wakatuzidi urefu, na kwa wale waliokaa nasi muda mfupi wakapendwa sawasawa. Nenda ukapumzike, ulime mahindi yako, ubebe wajukuu wako mpaka mikono ichoke. Na wewe sasa, kaa; wengine wakuletee chai.