Panga la Tatu la Rhobi

Benchi letu liko Nyamuswa, ubavuni mwa duka la vifaa, pale bodaboda wanapovizia abiria wa basi la Bunda. Kahawa ni yangu, benchi ni la mwenye duka, na maneno ni ya wanaume watatu ambao nisingewataja kama si wateja. Magige tunamwita Redio, kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Mugeta aliwahi kukaa baraza la kata muda mfupi tu, mpaka leo anaitwa Hakimu na anaitika. Yusto wa bodaboda ni Spana, ingawa pikipiki yake ikigoma anaitaga fundi.

Alhamisi asubuhi akaja Rhobi na vipande vya chuma ndani ya kiroba. Rhobi ni binti wa jirani yangu marehemu. Alikuwa anakaa Kamunyonge, kule Musoma mjini, anauza dagaa. Sasa amerudi na wanawe alime shamba la baba yake, ambalo halijaguswa tangu mzee azikwe. Miiba imemea mpaka inamzidi mtu kimo. Bernado, mwenye plau, amemwahidi ng'ombe wa kulima Jumatatu. Akikuta kichaka, anaipeleka plau kwa mwingine, na zamu ikipita ndiyo basi, mvua hazimngoji mtu. Rhobi alikuwa ameshaua mapanga mawili. La kwanza lilijikunja kama ulimi wa ng'ombe, la pili lilikatika shingoni akabaki ameshika mpini.

Akamwaga vipande mbele ya benchi.

— Wazee wangu, hebu niambieni. Panga la kudumu ni lipi? La nne sitaki kulinunua.

Redio akasema panga ni mlio. Akaenda dukani, akarudi na matatu, akawa anayagonga moja moja kwenye mafiga yangu huku amefumba macho kama mtu anayesali. Hakimu akasema mlio ni wa ngoma, panga ni uzito, jepesi ni la kukatia mkate. Spana akawaambia wote wameachwa na dunia: panga ni la fundi, lililofuliwa kwa springi ya lori. Tena siyo lori lolote. Liwe lilibeba mawe, maana chuma chake kimeshazoea shida.

Hapo wakaanza kupandishiana dau. Redio akasema usinunue mchana, jua limeshalilegeza, nunua alfajiri. Hakimu, kwa kuwa hawezi kushindwa, akasema uchunguze lilipita njia gani. Panga lililovuka ziwa kwa mtumbwi limeingiwa na ubaridi ndani kwa ndani, likiguswa na mti mkavu linapasuka.

— Hakimu, mimi nina miiba, sina ziwa, Rhobi akasema.

— Mwanangu, unasikiliza lakini huelewi.

Nikawamiminia tena. Jua lilikuwa limeshapanda na mtoto huyu hajakata hata tawi. Nikamwambia hawa wakikosea, shamba litakalolala si la kwao, asiwategee sikio sana. Hakimu akaniambia bibi, wewe mimina.

Ndipo Bernado akafika, amekuja dukani kutafuta bolti ya plau. Akachukua kikombe, akanywa amesimama, akauliza kesi ni ya nini. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akamgeukia Redio.

— Mzee Magige, pale kwako nyuma pamefyekwa vizuri sana. Mnatumiaga panga gani?

— Si hilo... panga la nyumbani.

— La aina gani?

Redio akaangalia ndani ya kikombe. Bernado akamwuliza Hakimu la kwake. Hakimu akasema swali hilo linataka muda. Spana akawasha pikipiki kumfuata abiria ambaye mimi sikumwona.

— Mnamwuliza nani? nikasema. — Anayelishika ni Dafroza.

Dafroza ndiye mke wa Redio, na kwao ni hapo nyuma ya duka tu. Rhobi akazoa vipande vyake. Bernado akamfuata, Redio akafuata kwa sababu ndiko anakolala, na mimi nikaipua birika nikaenda, maana sikutaka kusimuliwa.

Dafroza alikuwa anamenya mihogo. Hakusimama. Akachukua kipande, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

— Hili ulilinoa na nini?

— Lilikuwa jipya, mama.

— Nakuuliza ulilinoa na nini.

Rhobi akatikisa kichwa: hakulinoa.

— Dukani linatokaga butu. Wewe umeipiga miiba kwa chuma butu, haikatiki, ukaongeza nguvu. Lingeacha kukunjika? Tafuta tupa kwanza.

Akaingia ndani akatoka na panga lake. Limeliwa na kunolewa mpaka limebaki jembamba, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu. Redio akalipokea, akaligeuza huku, akaligeuza huku, anatafuta chapa, akamwuliza mkewe.

— Mama Susana, hili ni la kampuni gani?

— Jina lilishaliwa na tupa. Nimelishika kabla hujanioa. Kwani ulikuwa unafyekewa na nani?

Bernado akacheka mpaka bolti ikamdondoka. Redio hakucheka, lakini hakuondoka pia, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni hatua.

Rhobi akarudi dukani akachukua panga la kawaida tu, lile la karibu na mlango, na tupa moja. Dafroza akamfundisha pale pale uani: sukuma tupa kuelekea kwenye makali, usisugue kwenda na kurudi kama unayepiga mswaki. Mti ukate kwa mshazari, na usiguse udongo, udongo una mawe.

Ijumaa kulipokucha tulikuwa shambani wanawake watano, sisi watatu na majirani wawili, na Redio nyuma yetu akiburuta miiba pembeni. Hakimu aliagiza salamu. Bernado alipita na ng'ombe wake akienda kunywesha, akatazama, akasema Jumatatu iko palepale.

Rhobi akauinamisha mti wa kwanza kwa mkono wa kushoto, akapiga mara moja. Ukaanguka. Akabaki amesimama, anakitazama kisiki kama mtu aliyeona mzuka.

— Usiuangalie, Dafroza akamwambia. — Huo umeshaanguka. Nenda unaofuata.