Mkeka Usiokaliwa

Kwenye kivuko cha Pangani, binti aliyeketi mbele yangu alikumbatia mkeka wa mkonge kama mtoto mchanga. Bibi wa pembeni yake aliitikia shikamoo yake, kisha akauliza kama unauzwa.

“Siuzi, bibi. Naupeleka Tanga kwenye maonyesho. Kila msanii kaambiwa atengeneze kitu anachokithamini maishani. Mimi nimesuka ukarimu. Utaning'inizwa ukutani, marufuku kuugusa.”

“Ukarimu gani huo, mgeni haruhusiwi kukaa?”

Nilijifanya natazama maji.

“Babu yangu alipokuja kukata mkonge hakuwa na ndugu huku,” binti akasema. “Jirani akamtandikia mkeka. Nataka watu wasimame mbele ya huu, wafikiri.”

“Kwani babu yako alisimama?”

“Alikaa,” binti akajibu bila kuyumba, “na mkeka ukachakaa, na leo jirani yule hakuna anayemkumbuka. Wangu hautachakaa.” Akainuka, akaukunjua juu ya benchi ili bibi auone vizuri.

Bibi aliupapasa, akakiri hajaona msuko safi kama ule. Kivuko kikagota ng'ambo. Abiria tukaanza kushuka. Bibi alikuwa ameshaukalia mkeka, anasogea ili binti naye apate nafasi.